Kibao cha Namba ni cha Mtu wa Miguu

Yako mambo ya Serikali ambayo mwananchi huyapokea kimya hata yakimgusa mfukoni, na yako mengine yanayoonekana madogo ambayo huzusha maneno kuanzia kijiweni hadi bungeni. Kibao cha namba ya gari ni katika hayo ya pili. Ni kipande cha bati chenye herufi chache na tarakimu chache, wala hakiongezi mwendo wa gari hata kidogo. Lakini nchi zilizojaribu kukibadili katika miaka hii zimejikuta zikijibu maswali ambayo hazikuyatazamia.

Tuanze na ndugu zetu wa Kenya. Tarehe 30 Agosti 2022 Rais Uhuru Kenyatta, akiwa katika siku zake za mwisho madarakani, alizindua vibao vipya vyenye alama za kuzuia kughushi. Wenye magari walipewa miezi 18 wawe wamekwisha kubadilisha, kwa ada ya shilingi 3,000 za Kenya. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri: wizi wa magari, ujambazi, na namba moja kuonekana katika magari mawili. Lakini mwananchi aliuliza swali jepesi: gari langu nimekwisha kulisajili na kulilipia, mbona nalipishwa tena kwa kosa la mwizi? Kisha vibao vyenyewe vikawa haba, watu wakasubiri huku magari yao mapya yamesimama.

Uganda walikwenda mbali zaidi. Mwezi wa Juni 2021 watu wenye pikipiki walilimiminia risasi gari la Jenerali Katumba Wamala. Binti yake na dereva wake waliuawa. Mwaka huo huo Serikali ya Uganda ilifanya mkataba na kampuni ya Kirusi wa kuweka vibao vyenye kifaa cha kuonyesha gari lilipo, na Novemba 2023 kazi ikaanza kwa magari ya Serikali. Hapo maneno yalikuwa ya namna mbili. Wengine walilia na ada. Wengine walisema kwamba hawapendi kufuatwa kila waendako, na kwamba mtu asiye na hatia hana haja ya kuvishwa kengele kama mbuzi. Juni 2025 ulipoanza mpango wa kuwatoza madereva faini kwa mitambo, kelele zilikuwa kubwa hata mpango huo ukasimamishwa baada ya siku chache tu.

Hata huko Marekani, nchi inayojisifu kwa kuuliza watu maoni, jambo hili lilizusha kicheko. Mwaka 2019 Gavana Cuomo wa New York aliwaalika wananchi wapige kura kuchagua sura moja kati ya tano za kibao kipya. Watu wakatazama zile picha, wakaona na ada ya dola 25 iliyokuwa imefuatana nazo, wakasema afadhali wangeulizwa kwanza juu ya dola 25. Mgeni huulizwa chakula gani anapenda. Haulizwi rangi ya sahani kisha akaletewa hesabu.

Basi tumeyasoma malalamiko ya nchi hizo tatu, na tunakiri kwamba mengi yana haki. Lakini tumeona jambo moja la ajabu. Katika kelele zote hizo waliosikika ni wawili: Serikali inayotoa kibao, na mwenye gari anayekilipia. Hatukumsikia mtu wa tatu, ambaye kibao kimewekwa kwa ajili yake. Huyo ni mtu anayetembea kando ya barabara.

Sisi twasema kwamba kibao cha namba ni chake. Dereva haoni kibao chake akiwa amekaa kwenye usukani. Polisi ana redio, ana vizuizi, ana daftari na mitambo. Mtu wa miguu hana kitu ila macho yake na kumbukumbu yake, na kile kibao ndicho silaha pekee aliyopewa na dola dhidi ya chuma kizito kinachompita kwa kasi.

Pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Asimamaye Kasumulu karibu na daraja la Songwe huona namba za nchi mbalimbali zimepangana foleni. Alama yetu ya kimataifa ni EAT, herufi tulizorithi tangu enzi za ukoloni, na ile T ya mwisho ilikuwa ya Tanganyika. Wamalawi walikuwa na NP, yaani Nyasaland, nao baada ya uhuru wakaiacha wakashika MW. Wao walibadili, sisi hatukubadili, wala hatujasikia mtu yeyote upande huu au ule aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo. Bendera ilikuwa kesi nyingine. Mwaka 2010 Rais Bingu wa Mutharika aliliondoa jua linalochomoza katika bendera ya Malawi akaweka jua kamili, kwa maana kwamba nchi imekwisha kupambazukiwa. Watu wengi hawakuridhika, na mwaka 2012, chini ya Rais Joyce Banda, jua la zamani likarudi mahali pake. Mto Songwe wenyewe una tabia ya kuhama mkondo wakati wa mafuriko na kumwacha mkulima hajui shamba lake liko nchi gani. Labda ndiyo sababu watu wa bonde lile hawashtushwi upesi na mabadiliko ya alama. Wanachouliza ni kama alama mpya itawasaidia.

Na itawasaidiaje? Wengi wa wananchi wa Kyela hawana gari. Kyela ni tambarare, nchi ya baisikeli, ya pikipiki na ya miguu. Mama anatoka Ipinda na mzigo wa mchele, mtoto anatoka shule, mkulima anasukuma baisikeli yenye gunia la kokoa, na wote hutumia ukingo ule ule wa barabara ambao lori, basi dogo na bodaboda huupita kwa mwendo. Kadiri lami inavyoongezeka wilayani ndivyo mwendo unavyoongezeka. Nasi tunaishukuru lami, lakini lami haina breki.

Sasa tuseme lori limemgonga yule mwenye baisikeli na halikusimama. Ni usiku, mvua ya Aprili inanyesha kama inyeshavyo Kyela, pengine kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Sheria inamtaka kila mwenye gari awe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na mtu wa tatu ndiye huyu aliyelala mtaroni. Fedha za matibabu yake, au za kuwalea watoto wake kama amefariki, zimo katika bima hiyo. Mlango wa kuifikia ni namba. Mwenye namba huweza kuliuliza daftari la bima likamwambia gari lile limekatiwa bima na kampuni gani. Asiye na namba anabaki na habari kwamba lilikuwa lori jeupe. Malori meupe ni mengi.

Hii ndiyo maana ya kibao. Matope yakikifunika, fidia ya maskini imefunikwa nayo. Kijana akikikunja chini ya kiti cha pikipiki ili kamera au askari asikisome, amemnyang'anya pia bibi kizee anayevuka barabara. Vibao vya urembo vyenye herufi zilizonyanyuka, ambavyo vijana wa mijini waliviita vya 3D na polisi wakavikataza, kosa lake si urembo. Urembo hauna dhambi. Kosa ni kwamba kila mtu akijichongea kibao chake kwa fundi wa uchochoroni, siku moja namba ya gari lako itaonekana mahali ambapo hukuwapo.

Rangi nayo ina kazi, ingawa wengi hudhani ni pambo. Katika nchi yetu kibao cha njano ni cha gari la mtu binafsi na cheupe ni cha gari la biashara. Abiria anayesimama stendi ya Kyela akiona gari dogo la kibao cha njano linaita watu wa Tukuyu au Mbeya, rangi hiyo imekwisha kumwambia jambo kabla hajapanda: gari hili halikusajiliwa kwa kubeba abiria, na bima yake huenda isimtambue siku ya ajali. Twajua kwamba abiria mara nyingi hana hiari. Jua linazama, basi limejaa, nauli ya gari dogo ni ile ile. Lakini yafaa ajue. Nani amewafundisha wananchi maana ya rangi hizo? Hatukumbuki kuona tangazo lake katika ofisi ya kijiji. Alama ambayo maana yake inajulikana na dalali wa magari peke yake ni siri ya biashara.

Sababu ya uzembe huu, kwa maoni yetu, iko katika namna tulivyolipanga jambo lenyewe. Usajili wa magari ulifungwa kamba na kodi tangu zamani. Sheria yake ya mwaka 1972 inaitwa hasa sheria ya kodi ya usajili na uhamisho wa magari, na mwenye daftari ni Mamlaka ya Mapato. Hatuwalaumu watu wa Mapato kwa kukusanya mapato. Lakini ndiyo sababu mwananchi anapokiona kibao hukiona kama stakabadhi, na anaposikia kwamba kitabadilishwa hushika mfuko kwanza. Bajeti ya mwaka 2016/17 ilipandisha ada ya kusajili gari kutoka shilingi 150,000 hadi 250,000, na ya pikipiki kutoka 45,000 hadi 95,000. Mwaka uliofuata leseni ya kila mwaka ya gari ilifutwa, ikaingizwa katika bei ya mafuta kwa shilingi 40 kila lita. Lile la pili lilipokewa vizuri, kwa kuwa liliondoa bughudha ya kusimamishwa njiani na kudaiwa karatasi. Watu hawachukii kulipa, wanachukia kusumbuliwa.

Katika bajeti ile ile ya 2016/17 lilikuwamo jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana huku kwetu. Mtu anayetaka gari lake liwe na jina lake au neno alipendalo badala ya namba ya kawaida, ada yake ilitoka shilingi milioni 5 ikawa milioni 10 kwa miaka mitatu. Katika miaka ya 1960 mitaani palizuka neno la wabenzi, na wabenzi walijulikana kwa gari. Magari makubwa yamekuwa mengi, basi wa siku hizi hujulikana kwa kibao. Wapo watakaosema kwamba tajiri akipenda kununua jina lake mwenyewe kwa milioni 10, Hazina ipokee na zahanati ijengwe. Hoja hiyo ina uzito na hatuipuuzi. Twasema tu kwamba jina kubwa katika kibao lina tabia ya kumfanya askari mdogo ainue mkono wa saluti badala ya mkono wa kusimamisha. Chama chenye jembe na nyundo katika bendera yake kina wajibu wa kuliona hilo.

Lakini anayejitangaza kwa jina lake walau anaonekana. Linalotuudhi zaidi ni lile la gari la umma kufichwa. Kila mfanyakazi anajua kwamba herufi STK ni za gari la Serikali, SU ni la shirika la umma, SM ni la serikali za mitaa, DFP ni la mradi wa wafadhili. Herufi hizo ni ulinzi wa mali ya wananchi. Mkulima wa Ngonga akiona gari la SM limeegeshwa Jumapili mbele ya kilabu cha pombe, ana haki ya kuuliza, na namba imempa la kuuliza. Ndiyo sababu wapo wakubwa wanaozibandua herufi hizo na kuweka namba za kiraia, ili gari la umma litembee kama la mtu binafsi, libebe mkaa, libebe harusi, libebe lisilosemeka. Jambo hili viongozi wa Serikali wamekwisha kulikataza zaidi ya mara moja. Katazo linalorudiwa mara nyingi ni dalili kwamba halikutiiwa mara ya kwanza. Kuna kazi za usalama ambazo kweli zahitaji kificho, na hizo tunaziheshimu. Afisa wa idara ya kawaida hana adui wa kumkimbia ila mlipa kodi.

Tumalizie na bodaboda, maana wao ndio watakaobanwa kwanza siku yoyote kibao kitakapobadilishwa. Katikati ya miaka ya 2010 pikipiki zilitolewa katika namba za magari zikapewa zake zenye herufi MC. Lilikuwa jambo jema kwa daftari. Lakini nani alipanga foleni? Wengi wa vijana hawa hawana pikipiki yao. Wengine wapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, wengine wako katika mkataba wa kulipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chao. Kadi ina jina la tajiri, adhabu inamwangukia kijana. Akikamatwa na kibao kilichofutika, hatafutwi mwenye kadi. Hutozwa aliyeketi juu ya tangi. Serikali ilionyesha huruma mwaka 2021 ilipopunguza faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, nasi tuliipongeza. Huruma hiyo haitoshi kama gharama ya kibao kipya itaachwa imfuate kijana badala ya kumfuata mwenye mali.

Hatuombi mabadiliko kwa kupenda mapya, wala hatuyapingi kwa kupenda ya zamani. Mitambo ya Kampala na Nairobi itafika na huku. Ikifika na kuwakamata wezi wa magari tutaipigia makofi. Kitu tusichokubali ni kibao kilichoundwa ili kisomwe na mtambo tu. Anayetaka kutubadilishia kibao na ajaribu kwanza kukisoma akiwa amesimama hatua 20 kando ya barabara ya Matema, jioni, mvuani, pikipiki ikipita kwa mwendo wake wa kila siku. Herufi zikisomeka, atuletee mchoro. Ada yake iandikwe kwa jina la mwenye kadi. Muda wa kubadilisha usianze kuhesabiwa kabla vibao havijafika Mbeya, kwa kuwa mambo mengi ya nchi hii huanza Dar es Salaam tarehe moja na kufika mpakani tarehe nyingine, lakini faini husafiri kwa basi la kwanza.

Na yako ambayo hayahitaji kungoja sheria wala mchoro. Mvuvi wa Ziwa Nyasa hutakiwa kusajili chombo chake na kuandika namba ubavuni, na ofisa wa uvuvi humwuliza isiposomeka. Dereva wa lori naye aulizwe vivyo hivyo. Ndoo moja ya maji na kitambaa vyatosha kusafisha kibao pale Kasumulu au Kikusya kabla lori halijaondoka, na wanachama wetu walio wapakiaji, makuli na makondakta waweza kuifanya kazi hiyo bila kuamriwa na mtu. Makatibu wa matawi waweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, pamoja na maana ya kibao cheupe na cha njano, iandikwe kwa chaki ubaoni mahali ambapo kila mwanakijiji atapita. Wakati wa kufanya hivyo ni kabla ya Mei, maana mwezi huo mpunga huanza kuvunwa na malori ya walanguzi na ya vyama vya ushirika huanza kupishana usiku na mchana.